Kitabu cha Tatu na Mume wa Msusi

Wateja walimwita Da Redio, kwa sababu alikuwa hanyamazi na betri zake hazikwisha. Mtu akikaa kwenye kiti chake kusukwa rasta alijua kwamba kabla kichwa hakijafika nusu atakuwa amesikia habari za mtaa mzima, na habari za mtaa zikiisha, zitafuata za Kapteni.

Kapteni hakuwa mtu wa mtaa. Alikuwa mtu wa kitabuni. Mwandishi wake, mwanamke aliyewahi kuwa daktari wa jeshi, alikuwa ametoa vitabu viwili vilivyosomwa saluni ile mpaka majalada yakachanika: mapenzi, risasi, na msaliti aliyekuwa akiuza silaha za kikosi chake mwenyewe. Kapteni alikuwa na mchumba, mtangazaji wa habari asiyeogopa kitu, na ingawa alikuwa mtu wa vita, maneno alikuwa nayo. Kila akirudi kutoka msituni alimkalisha mchumba wake akamsimulia yote: nani ameanguka, nani ameokoka, yeye mwenyewe aliogopa wapi. Kitabu cha pili kiliisha Kapteni akiwa juu ya daraja lililotegwa mabomu, na simu ya upepo ikakatika akiwa katikati ya kulitaja jina la mchumba. Basi. Ukifungua ukurasa mwingine unakutana na jalada.

Wakangoja. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na safari hii matumbo yaliuma miaka. Wasichana waliosukwa pale wakienda shule walirudi kusukwa wakienda kuolewa, na Kapteni bado alikuwa juu ya daraja.

Nyuma ya saluni, ng'ambo ya ua mdogo wa saruji, kulikuwa na kibanda cha mume wa Da Redio. Mtaa ulimwita Sajini, cheo alichostaafu nacho. Alitengeneza feni, pasi na blenda. Alikuwa fundi mwaminifu na mtu wa maneno machache, machache kweli kweli. Ukimwachia pasi alikuambia "Kesho," na kesho ukija alikuambia "Tayari," na hayo ndiyo mazungumzo yenu.

Hakuwa hivyo zamani. Da Redio aliolewa na kijana mwenye utani, aliyeweza kuigiza sauti ya kamanda wake mpaka wakwe wakashika mbavu. Ndoa ilikuwa bado changa alipopelekwa mpakani, kwenye mapigano. Aliporudi alikuwa mzima wa mwili, ila usiku alitandika mkeka karibu na mlango akalala huko, na kitanda akamwachia mkewe. Da Redio alimuuliza kuna nini. Alimuuliza kwa upole, akamuuliza kwa machozi, siku moja akamuuliza kwa kuvunja sahani. Kila alipoulizwa, Sajini alivaa viatu akatoka kutembea. Dada mkubwa wa Da Redio akamshauri: "Achana naye, mdogo wangu. Wanaume wa jeshi ndivyo walivyo. Ukimchokonoa utampoteza."

Akaachana na kuuliza. Baada ya muda mkeka ulikunjwa, Sajini akarudi kitandani, binti yao akazaliwa, akakua, akaolewa. Wakaishi vizuri, kama wapangaji wawili wenye adabu. Hakuwahi kumpiga wala kumtukana, na hapo ndipo Da Redio alipokosa pa kushika. Atamlalamikia nani kwamba mumewe ni mpole? Maneno aliyoyakosa nyumbani akaenda kuyatafuta kwa Kapteni.

Asubuhi moja alipigiwa simu na mwenye duka la vitabu, mwanamke mwenye miwani minene ambaye kila mtu alimwita Miwani. "Kimefika," Miwani akasema. Hakusema nini. Da Redio alimwacha mteja chini ya draya akakimbia na kandambili zake.

Alikisoma kwa siku chache, huku anachoma vidole kwa pasi ya nywele. Alipokimaliza alikuwa amenuna kama mtu aliyeibiwa.

Kwa maana Kapteni alitoka darajani hai, ndiyo, tena mapema tu. Kisha akarudi nyumbani, na kuanzia hapo kitabu kizima hakuna kilichotokea. Alikaa mezani hasemi. Mchumba alimpikia, akamsubiri, akamwuliza; yeye akaangalia dirisha. Usiku alilala sakafuni. Msaliti alikamatwa na watu wengine kabisa, habari yake ikapita kwa sentensi moja kama tangazo la kifo cha mtu usiyemjua. Harusi haikuwepo. Mwisho wa kitabu wawili hao walikuwa wameketi kwenye ngazi za nyumba, hawagusani, na mchumba anasema, "Nipo." Kwisha.

Saluni iliwaka moto. Mwalimu mstaafu aliyekuja kupaka rangi mvi zake alisema mwandishi amezeeka, wino umemkauka. Muuza vocha wa kona alisema yeye alilia alipofika kwenye ngazi, wakamzomea mpaka akasema alilia kwa hasira. Bibi harusi mmoja mtarajiwa alikirudisha kitabu kwa Miwani akitaka abadilishiwe, kana kwamba ni kiatu kilichombana. Da Redio ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Alimwigiza Kapteni akiwa mezani, macho dirishani, mdomo umefumbwa kama pochi ya bahili, na wanawake wakacheka mpaka rasta zikawaponyoka.

Wiki ile ile kitabu kilipotea juu ya jokofu. Alikikuta kibandani kwa mumewe, chini ya kitambaa cha kufutia.

"Hiki kimefikaje huku?"

"Nilikiweka chini ya feni isilale kwenye vumbi," Sajini akasema.

Alilichukua hilo nalo akalipeleka saluni. "Jamani, hata mume wangu amekipatia kazi: kinazuia vumbi." Wakacheka tena.

Kisha habari zikaja kwamba mwandishi anakuja kukutana na wasomaji katika ukumbi wa maktaba, Jumamosi mchana. Kwa sauti moja waliamua nani atawasemea.

Ukumbi ulijaa. Mwandishi alikuwa mwanamke mfupi wa makamo aliyevaa suruali na saa kubwa ya kiume, mtu ambaye ungempita sokoni. Alisoma ukurasa mmoja, akapiga makofi yeye mwenyewe kidogo kwa aibu, kisha akauliza nani ana neno. Kipaza sauti kikaenda moja kwa moja kwa Da Redio.

"Daktari, shikamoo," alianza. "Sisi tulikuamini. Tulikupa mwanamume, kijana mzuri, msemaji, ukamweka juu ya daraja. Tukangoja. Sasa umeturudishia nini? Miguu miwili, mikono miwili, na katikati gunia la mkaa. Mimi ningekuwa yule dada, ningemshika mkono nikamrudisha darajani, nikamwambia, baba, kaa hapa hapa, ukipata la kusema utaniita. Shujaa akirudi bubu, afadhali angerudi jina tu. Ningejua moja, nikaomboleza, nikaolewa na mwingine."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Mwandishi alitabasamu, ila kwa adabu tu. Akauliza, "Mama, umewahi kuishi na askari?"

"Ninaye nyumbani," Da Redio akajibu, na watu wakaanza kucheka kabla hajamaliza. "Kwa nini unadhani nilitaka mwingine kitabuni?"

Wakapiga meza. Aligeuka kuwaangalia, kama mtu anayepokea zawadi zake, na hapo akamwona Sajini. Alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na mlango, amevaa shati lake jeupe la misibani na harusini, limepigwa pasi mpaka linameta. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu. Alikuwa anaomba kipaza sauti.

Mkono ule ulishuka taratibu. Akaitazama sakafu kidogo, kisha akafungua mlango kwa uangalifu, usije ukalia, akatoka.

Da Redio alikaa. Hakukumbuka baadaye watu wengine walisema nini. Kauli ni kama maji: ikishamwagika huizoi.

Alipofika nyumbani Sajini alikuwa kibandani, amevua shati jeupe, anafungua pasi.

"Ulikuja maktaba," Da Redio akasema.

"Nilipita kuangalia spika. Walisema zinakwaruza."

Hakuna aliyesema spika zinakwaruza. Da Redio alisimama mlangoni kidogo, akarudi ndani kupika.

Jumatatu alikwenda dukani kwa Miwani. Miwani alikuwa anapanga madaftari, na alipomwona alivua miwani akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Da Redio, mimi sipendi umbea, lakini hili linanikaa kooni. Mumeo alikuja hapa kabla ya mkutano. Aliniuliza saa ngapi unaanza. Halafu akaniuliza huyo mwandishi ni mtu wa namna gani, ana kiburi, au ni mtu wa kusikiliza. Nikamwambia ni msikivu. Akasema, 'Basi nitakuja. Ameandika kama mtu aliyekuwepo.'"

Da Redio alirudi, akakichukua kitabu chake, akafunga saluni mchana kweupe, jambo ambalo mtaa haukuwahi kuliona, akakisoma upya. Safari hii hakuwa anaitafuta harusi. Alifika pale Kapteni anapolala sakafuni, na sentensi ambayo mwanzo aliipita mbio ikamkamata: Kapteni alilala pale kwa sababu yeyote atakayeingia lazima aanze na yeye. Alikuwa analinda mlango. Mchumba alidhani amekataliwa, na Kapteni hakujua kwamba jambo kama hilo linahitaji kuelezwa.

Da Redio alikiweka kitabu magotini. Aliuona mkeka. Aliwaona wao wawili vijana, yeye kitandani anauma shuka ili kilio kisisikike, na mume wake pale mlangoni, macho wazi, anamlinda. Miaka yote hiyo alimhesabia kosa.

Alimfuata kibandani, akavuta kigoda, akakaa.

"Yale niliyosema ukumbini."

"Uliwachekesha watu," Sajini akasema. "Una kipaji."

"Sikupaswa."

"Yamepita, mama."

"Ulitaka kumuuliza nini yule daktari?"

Bisibisi ilisimama juu ya skrubu. Kwa muda mfupi Da Redio alidhani jibu linakuja. Kisha bisibisi ikaendelea kuzunguka.

"Nimesahau."

Sajini hakuwa mtu wa kusahau. Da Redio alijua hivyo, na Sajini alijua kwamba anajua, na wote wawili wakaliacha lilale hapo.

Ndipo akamwomba Miwani amwombee nafasi kwa mwandishi. Daktari alimpokea sebuleni kwake, chumba chenye vitabu mpaka chini ya viti. Da Redio alimweleza yote, bila utani. Mwandishi alisikiliza, mkono shavuni.

"Kitabu hiki kimeniletea matusi mengi," alisema mwishowe. "Wengine wameniambia wamekichoma. Si neno. Nilikiandikia watu kama mume wako, na wao hawaandiki barua wala hawashiki vipaza sauti."

"Yeye alitaka kukishika. Mimi ndiye niliyemnyima."

Mwandishi hakumpinga. Da Redio alikuwa amekuja akitumaini kupingwa kidogo.

"Nifanye nini, Daktari?"

"Sijui, mama. Sitakudanganya. Wapo wanaofungua mlango mara moja tu." Akafikiri. Kisha akainuka, akaenda chumba cha ndani, akarudi ameshika feni ya mezani yenye shingo iliyovunjika. "Hii imekaa miaka. Mumeo anatengeneza feni, si ndiyo?"

Mwandishi alikuja siku ya Alhamisi, alasiri, feni kwapani. Alipita saluni, akamwamkia Da Redio kama mteja wa kawaida, akavuka ua. Da Redio alikuwa anamsuka muuza vocha. Kupitia dirisha la nyuma alimwona Sajini akipokea feni, akiigeuza, akisema neno lake moja. Mwandishi hakuondoka. Alivuta kigoda kile kile, akakaa. Alisema kitu kifupi.

Sajini akaweka feni chini.

Akaanza kusema. Da Redio hakusikia chochote, aliona tu. Aliona midomo inakwenda, inasimama, inakwenda tena. Aliona mikono ya mumewe ikichora hewani: huku kilima, huku mto, huku watu. Mikono ile hakuwahi kuiona ikisema tangu alipokuwa kijana wa kuwachekesha wakwe. Mahali fulani Sajini aliinamisha kichwa, mabega yakatikisika, na mwandishi hakumgusa, alikaa tu. Kivuli cha ukuta kiliufunika ua wote, wao bado wamekaa.

"Da Redio, mbona umeacha kusuka?" muuza vocha akauliza.

"Nasuka," akasema, akashika nywele upya.

Alitaka kuvuka ua. Saruji ile ilikuwa hatua chache. Lakini alijua akitokea pale, mikono itashuka. Alibaki dirishani, akafurahi kwa ajili ya mumewe, na furaha ile ikamuuma kuliko ugomvi wowote. Miaka yote hiyo maneno yalikuwepo, yanangoja mtu wa kukaa kwenye kigoda asitake kitu. Leo yalikuwa yametoka, yamekwenda kwa mgeni, na mgeni angeondoka nayo jioni.

Mwandishi alipoaga alimshika Da Redio mkono mlangoni, hakusema alichoambiwa, na Da Redio hakumuuliza.

Baadaye, wateja wameondoka, Sajini aliingia saluni, mahali ambapo hakuwa na kawaida ya kuingia. Macho yalikuwa mekundu. Alijitazama kwenye kioo, akapitisha kiganja kichwani.

"Nipunguzie," akasema.

Akakaa kwenye kiti cha wateja. Da Redio alimfunga kitambaa shingoni, akachukua mkasi. Nywele zilikuwa nyeupe kuliko alivyodhani. Siku zote alikuwa akienda kwa kinyozi wa kona. Nyuma ya sikio la kushoto alikuta kovu dogo, laini, la zamani, ambalo hakuwahi kuliona. Vidole vikasimama juu yake. Sajini alimtazama kwenye kioo, akangoja.

Swali lilifika mpaka kwenye meno. Da Redio akalishikilia hapo, akainamisha kichwa cha mumewe taratibu kuelekea kwenye mwanga, akaendelea kukata.