Salamu Nilizopewa Kisimani

Sikuwahi kuamini mizimu, na hata leo nabishana nayo. Lakini haya yalinipata mimi, mchana kweupe, Heru Juu, karibu na Kasulu, katika miaka ya sabini.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, nafundisha fizikia. Siku ile niliwaambia wanafunzi kuwa nyota kubwa ikifa hupasuka na kumwaga chembe ndogo mno ziitwazo neutrino. Za nyota zilizokufa tangu kale bado zinapita, zinapenya milima, zinatupenya na sisi, wala hatuhisi. Hadi siku ile hakuna aliyewahi kuzinasa hizo za nyota zilizokufa. Anayezitafuta inambidi ashuke chini sana ardhini, ambako miale mingine ya angani haifiki.

Mama Domitila, mpishi wetu, mkimbizi kutoka Burundi, alikuwa amesimama dirishani na mwiko wake.

"Mwalimu, kwa hiyo aliyekufa zamani bado anapita?"

"Nyota, mama. Si watu."

"Ehe! Nyota zina bahati."

Wanafunzi wakacheka. Mimi sikucheka. Mwanawe, Donati, alibaki ng'ambo ya mpaka siku ya kukimbia. Hakuna aliyeuona mwili, basi msiba haukumalizwa, na mama alisema mvua zikikatika atavuka mpaka kumtafuta.

Mchana huo wachimbaji wa kisima cha shule walikwenda kula. Nikashuka kwa ngazi, nione tu kimya cha chini kikoje. Kijana alikuwa ameketi juu ya mwamba. Nikadhani kibarua. Akanipigia makofi ya salamu, taratibu, kama wafanyavyo huku kwa mtu wanayemheshimu.

"Mwalimu, mimi ni Donati. Mwambie mama asinifuate kule. Mimi nilikwisha kwenda. Anyoe nywele, amalize msiba."

Niliinua uso kuita watu. Nilipouinamisha, mwamba mtupu. Angepitia wapi? Ngazi nilikuwa nimeishika mimi.

Nikajiambia ni hewa chafu ya shimoni. Kisha nikajiambia vibarua wananichezea, msomi wa Dar. Niamini, kila siku nilimwona Mama Domitila akipakua maharage, na kila siku nikasema ngoja kwanza nipate ushahidi. Mwalimu wa fizikia apeleke salamu za marehemu?

Mvua zikakatika. Akaja kuniaga, kavaa kitenge kipya. "Nikirudi naye, mwalimu, umfundishe habari za nyota." Akashika njia ya Kibondo, hadi Nyabibuye mpakani, akavuka.

Hakurudi. Kwa miaka nilimuuliza kila aliyetoka ng'ambo. Hakuna aliyemwona.

Wewe unayenisoma, ukipewa salamu za mtu, zifikishe, hata kama unaona aibu. Kuziamini au kuzikataa si kazi yako, mwachie anayepelekewa.