Filamu Haijaisha

Mwenye studio ya kuosha picha pale Kitale alituambia kampuni ya filamu za kamera ingetangaza kitu kipya Ijumaa. Sisi wapiga picha wa mtaani tukabishana wiki nzima kwenye kibaraza chake. Mmoja alisema filamu itashuka bei, mimi nikashikilia kwamba itatoa picha nyingi zaidi. Nilichoka kubishana, lakini kazi yenyewe haikuwepo.

Akaja mama mmoja kutoka Ndalu kuulizia picha ya ubatizo wa mtoto wake niliyoipiga. Nikamjibu kama kawaida: "Mama, ngoja. Filamu haijaisha, haiwezi kuoshwa mpaka nimalize kupiga picha zote zilizobaki."

Hakukasirika. "Wacha tu," akasema. "Shemeji alimpiga picha na hii simu yake."

Akanionyesha kwenye kioo cha simu: mtoto anacheka.

Ijumaa sikwenda kusikiliza tangazo.