Ushauri Nasaha wa Mama

Mama aliwazika watoto watatu kwa kufuatana. Kaka yetu mkubwa alikuwa amerudi mzima kutoka vitani Uganda. Risasi zilimkosa, ugonjwa ule ukampata. Dada akafuata, kisha kitinda mimba. Nikabaki mimi, mwalimu wa shule ya msingi hapa hapa Kagoma. Wote watatu wamelala mgombani nyuma ya nyumba, na Mama aliacha kupalilia upande ule. Baadaye akaacha kula. Ukimpakulia ndizi na maharage, anazivuruga kidogo, anasema ameshiba. Hakuwa analia, na hilo ndilo lililonitisha. Mtu anayelia unajua pa kumshika.

Nikasikia kwamba Bukoba mjini kuna muuguzi anayetoa ushauri nasaha kwa wanaougua na kwa waliofiwa. Nilipomweleza Mama, hakuuliza ushauri wenyewe ni wa namna gani. Aliuliza, "Anatoza nini?" Kwake yeye, mganga asiyetoza ni mwongo, na anayetoza sana ni mwizi. Basi nikaenda kwanza peke yangu kuulizia, nikafikia kwa shangazi yangu, mtaa wa Kashai.

Mshauri alikuwa mwanamke, kijana kuliko nilivyotazamia, na alinijibu bila kuzungukazunguka. Hatozi kitu. Nauli ni juu yetu, na safari moja haitatosha. Nilipoanza kumsimulia yaliyotupata alininyamazisha kwa upole. "Usiniambie, mwalimu. Mwache aseme mwenyewe. Kusema kwake ndiyo dawa." Nikaona ni kweli. Mpaka leo nina hasira na ukweli ule.

Nauli ndiyo iliyotukwamisha. Bima yetu ya pekee ilikuwa bujuni, chama cha majirani cha kusaidiana, ambacho Mama alikichangia tangu mimi ni mtoto. Akasimama mkutanoni, akaomba. Mwenyekiti, mtu mwema aliyebeba majeneza yetu yote matatu, alitazama chini. "Sheria yetu ni mgonjwa aliyelazwa, na maiti," alisema. "Wewe Mama unatembea, waitu," akamalizia kwa neno letu la heshima. Mama akashukuru, akaketi. Nilitamani kumrushia kiti mwenyekiti. Yaani mpaka mtu aanguke ndipo huzuni yake itambuliwe! Lakini naye alikuwa na wake aliowazika, na mfuko wa chama ulikuwa mtupu, maana misiba haikuwa inapishana hata kwa wiki.

Tukauza kahawa ya maganda mapema, kwa bei ya kutupa, tukapata nauli ya kwenda na kurudi. Asubuhi ya safari nilimkuta Mama akifunga kahawa ya kutafuna kwenye jani la mgomba. Nikamkumbusha kwamba huko hakulipwi.

"Nimesikia," akasema. "Lakini mtu haendi kwa mtu mikono mitupu, mwana wange."

Sikubishana naye. Haikunijia akilini kwamba kwetu anayetoa kahawa ni mwenye nyumba, na mgeni akishaipokea ndipo anapoeleza shida iliyomleta.

Mama aliingia, mlango ukafungwa, nikaketi kwenye benchi. Niliisikia sauti yake, ya chini, imetulia, kama ya mtu anayeuliza jambo. Kisha nikasikia kilio. Moyo wangu ulilegea kwa furaha, kwamba hatimaye amelia. Nikajifunika uso kwa kanga, nikalia naye huko nje.

Mlango ulipofunguliwa, Mama alikuwa na macho makavu. Nyuma yake alisimama mshauri, uso umevimba, kahawa yetu imo kiganjani, akimshukuru. Alimsindikiza mpaka getini huku amemshika mkono.

Tulipokuwa tukienda stendi Mama alisema, "Yule mtoto amezika mume, na mwanawe anaumwa. Nilimpa kahawa, nikampa pole ya misiba, si unajua siku hizi kila mtu anayo. Kumbe hakuna aliyewahi kumuuliza."

"Na wewe Mama? Hakukuuliza?"

"Aliniuliza. Alipofuta machozi akaniuliza nina watoto wangapi."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia ninaye mmoja, mwalimu, na ni mzima."

Nilisimama katikati ya njia. Nikamuuliza kwa nini, na sauti yangu haikuwa ya adabu.

"Alikuwa ameshalia vya kutosha," Mama alisema. "Ningemtwisha na wangu watatu?"

Safari ya pili aliikataa. Mpaka anakufa sikumsikia akiwataja.