Wakala wa Leith na Kitabu cha Kengele

Watu wengi hawajui kazi ya wakala wa vitabu, na siku hizi hata baadhi ya mawakala wenyewe hawaijui. Una Garrioch anaijua. Mwandishi huandika, mchapishaji huchapisha, na katikati yao kuna mtu anayesoma malundo ya miswada ya watu asiowajua, akachagua mmoja katika mia tano, akauhangaikia kama wake mpaka upate mchapishaji. Una ameifanya kazi hiyo miaka thelathini na miwili, katika vyumba viwili juu ya duka la fundi funguo katika mji wa bandari wa Leith. Anachukua aina mbili tu: riwaya za mapenzi, na riwaya za falme na uchawi. Ukimletea kisa cha mauaji atakushukuru na kukuelekeza kwingine.

Mimi ndiye ninayemsomea kwanza. Nilikuwa mpanga herufi kiwandani hadi walipokifunga kiwanda cha chapa na kukigeuza nyumba za matajiri. Shule niliiacha nina miaka kumi na mitano. Yote niliyoyajua baadaye niliyasoma kinyumenyume, kwenye herufi za risasi, wino ukiwa bado mbichi. Una alinikuta nikinywa supu ya dengu peke yangu kwenye mgahawa wa ng'ambo ya barabara, nikisahihisha orodha ya vyakula kwa kalamu ya risasi. Akaniuliza kama nina kazi.

Zamani mswada ulifika umefungwa kwa karatasi ya kaki na uzi, na ndani mna stempu za kuurudishia. Ulimjua mtu kwa jinsi alivyofunga fundo. Sasa barua pepe sitini kwa siku, nyingine zimetungwa na mashine, na kila moja imebandikwa lebo kama kopo la maharagwe. Asubuhi moja ya Novemba nilimsomea Una moja kwa sauti.

"'Maadui wanaogeuka wapenzi. Kitanda kimoja tu. Mfalme mwenye siri.' Hii ni hadithi au tangazo la hoteli?"

"Hoteli ya kitanda kimoja, mzee wangu? Ningelala huko wiki nzima," alisema Una bila kuinua kichwa.

"Cheka tu. Watu walikuwa wanaandika barua."

"Na barua zenyewe zilikuwa za kuchosha vilevile, Wattie. Nilizisoma. Lebo hainisumbui. Nataka kujua ndani mna nini."

Anachokitafuta ndani kinaweza kuandikwa nyuma ya bahasha, na kweli kiliwahi kuandikwa hapo, kikabandikwa ukutani juu ya birika. Ukurasa wa kwanza, nani anataka nini. Uchawi, unamgharimu nini anayeutumia. Wapenzi, ni kitu gani kinawatenganisha, na kisiwe kitu ambacho simu moja ingekimaliza. Mwisho, je, msomaji amepewa alichoahidiwa? Hili la mwisho ndilo analoligombania zaidi, na halikutoka chuoni. Mama yake alikuwa mpakiaji samaki bandarini. Jioni alirudi vidole vimekufa ganzi, hawezi hata kufunua kurasa, na Una, mtoto wa miaka tisa, alimsomea riwaya za mapenzi zilizoazimwa kwenye gari la maktaba. Kabla ya sura ya kwanza mama alitaka asomewe ukurasa wa mwisho. "Hampati mpenzi wake? Basi kirudishe kesho," angesema. "Huzuni ninayo yangu ya bure."

Una alipokuwa mpiga chapa wa ofisi katika kampuni moja ya vitabu, aliwasikia wanaume wenye tai wakizicheka riwaya hizo, wakati mauzo yake ndiyo yaliyokuwa yakiwalipia chakula cha mchana. Aliwavumilia miaka kumi na minne. Kisha akaondoka na mashine yake ya kuandikia na waandishi wawili.

Sasa ana miaka sitini na mitatu. Waandishi wake wa zamani wamezeeka au wamekufa, na alikuwa hajachukua mpya kwa miaka miwili. Hakulalamika. Lakini nilimwona jinsi alivyokuwa akiziangalia rafu, na siku moja aliniambia waziwazi, akimenya chungwa: "Nataka kimoja tu, Wattie. Kimoja kikubwa, kabla sijawa kizee wa kupewa maua."

Ijumaa ndiyo siku ya kutuma majibu ya kukataa. Mimi huyaandaa, yeye huyapitia kwa sababu jina lake ndilo lililo chini. Ijumaa ile alikuwa ameshavaa koti. Akasimama.

"Huyu wa visiwani Orkney umemkataa kwa nini?"

"Muhtasari wake hausemi mwisho. Ameandika, 'Je, atampata? Soma ujue.' Kanuni yako mwenyewe."

Ni kosa wanalolifanya wengi. Muhtasari wa wakala ni ukurasa mmoja unaoeleza kila kitu hadi mwisho, lakini mwandishi mgeni hudhani anamvutia mteja dukani, anaficha. Kwa Una hilo peke yake lilitosha kumtoa mtu.

"Na kurasa zake umezisoma?"

Nilikohoa. Sikuwa nimezisoma.

Akasoma ukurasa wa kwanza akiwa amesimama, akasoma wa pili, akakaa na koti lake. Aliposhika wa tano alinyoosha mkono bila kunitazama, akanipa wa kwanza, na mimi nikaanza. Mwanamke anayeyusha shaba na kusubu kengele zinazoukinga mji na tauni. Kila kengele anayoitengeneza inamnyang'anya neno moja, halitamki tena maisha yake yote. Ameshapoteza "maziwa", ameshapoteza "dada". Anapofika mkaguzi wa kodi kuzihesabu kengele, mwanamke anataka kumfukuza, na neno la kumfukuzia hana.

"Mungu wangu," nikasema.

"Nyamaza, nasoma."

Mwandishi alikuwa Inga Isbister, mwanamke wa miaka thelathini na minne anayewakatia abiria tiketi za meli kule Stromness, bandari ya Orkney. Una alimwandikia palepale aulete mswada mzima. Jumatatu uliingia, na pamoja nao habari mbaya: wakala mmoja mkubwa wa London alikuwa ameshamtaka. Katika biashara yetu, mwandishi akipata wa kumtaka huwaarifu wengine wote na kuwapa siku. Inga alitupa mpaka Ijumaa, saa sita mchana.

"London," nilisema. "Wana ghorofa nne na mtu wa kufungua mlango."

"Na sisi tunaye wewe," alisema Una. "Weka karatasi kwenye printa."

Kurasa mia nne na kumi. Una hasomi mswada mzima kwenye kioo cha kompyuta. Kwa hilo nampenda. Tulikaa pande mbili za meza, yeye akimaliza ukurasa ananisukumia, mimi nikimaliza nauweka sakafuni. Siku mbili na nusu. Fundi funguo alipanda kuuliza kama tumekufa. Una aliunguza pai ya kondoo kwenye jiko dogo, akaila hivyohivyo. Palipokuwa na utani kati ya msubu kengele na mkaguzi alicheka mpaka akavua miwani. Mahali mwanamke alipotambua kwamba kengele ya mwisho italichukua jina la mkaguzi, aliinuka, akaenda dirishani, akatazama mvua.

Jumatano mchana alifika mwisho. Akaniachia ukurasa ule. Nikasoma. Mwanamke anasubu kengele, mji unapona, jina linamtoka. Asubuhi yake wanapishana darajani. Yeye hamwiti, na mwanamume anapita kimya. Basi.

Nilifuta macho. "Ni mzuri."

"Ni wa uongo," alisema Una, akachukua simu.

"Una, subiri. Utamwambia nini?"

"Nilichokiona."

"Msifie kwanza, tafadhali! London wamemsifia."

Alikuwa ameshapiga. Aliweka sauti ya nje ili nisikie. Inga alikuwa na sauti ya kibandari, ya mtu aliyezoea kubishana na upepo.

"Isbister."

"Inga, ni Una Garrioch. Kitabu chako kimeniunguzia chakula cha mchana. Sasa niambie, yule mkaguzi ana mdomo au hana?"

"Samahani, mama?"

"Mtu anaongea kurasa mia nne bila kupumua. Anabishana na askofu. Anabishana na punda. Halafu darajani anakutana na mwanamke anayempenda, mwanamke amelisahau jina lake, na yeye anapita! Si amwambie? 'Mimi ni fulani, jana ulinipenda.' Bei ya kengele ni neno. Hukusema ni mapenzi. Wewe ndiye uliyemziba mdomo."

"London wamesema mwisho ule ni wa kijasiri."

"Ujasiri gani, wa kunyamaza? Hata mimi naweza."

"Wamesema ukiachwa hivyo vinatoka vitabu vitatu."

"Vitatoka. Na msomaji wa kwanza atakirusha ukutani, na atakuwa na haki."

"Kwa hiyo hujakipenda."

"Binti, nimekipenda mpaka nimekasirika. Nisingekipenda ningekutumia barua ya heshima."

Inga alisema ana abiria kwenye foleni, akakata.

Alhamisi hakupiga. Nilimlaumu Una tangu asubuhi, na sikuona haya.

"Umemtukana. Miaka miwili unangoja kitabu, kimekuja, umekifukuza kama paka."

"Sikumtukana. Nimemwambia mlango wa kitabu chake haufungiki."

"Ungemwambia baada ya kusaini."

Hapo aliweka kikombe chini. "Ningemwambia ni kizuri, asaini, halafu nimgeukie? Huko kiwandani kwenu mlikuwa mnafanya hivyo? Mnaona kosa kwenye ukurasa, mnaacha lichapwe kwanza?"

Hatukuwa tunafanya hivyo. Nikajibu barua pepe za watu wa kitanda kimoja tu. Moja niliisoma mpaka mwisho, kwa adabu.

Ijumaa mvua iliacha. Una alipanga rafu ambayo ilikuwa imepangwa. Saa tano na nusu alichemsha maji, akasahau kuweka majani. Saa sita kasoro dakika nane simu ililia, akaiacha ilie mara tatu ili asionekane ana haraka. Desturi za kale hizo, nilizifurahia.

"Una Garrioch."

"Inga hapa. Nina swali moja, na nijibu bila kunizungusha." Nyuma yake kulikuwa na honi ya meli. "Nikikataa kuubadili mwisho, utanichukua?"

Una alinitazama. Nilimwonyesha kwa mikono yote miwili: sema ndiyo, mwanamke, sema ndiyo.

"Nitakuchukua," alisema, nami nikashusha pumzi. "Lakini sitakiuza kama kitabu cha mapenzi. Nitakiuza kama hadithi ya uchawi yenye huzuni, na wanunuzi watakuwa wachache, nakwambia mapema. Sitamwambia mtu atoke dukani na kitu akidhani ni kingine."

"London wamesema watakiuza kwa majina yote mawili."

"Wataweza pia. Wana watu wa kutosha."

"Ungenidanganya tu, mbona ingekuwa rahisi."

"Ingekuwa rahisi kwangu leo. Wewe ungelipia baadaye."

Honi ililia tena. Mtu alimuuliza Inga jambo, na alimjibu kwa ukali kwamba meli haiendi popote bila yeye. Kisha akarudi kwenye simu, na sauti ilikuwa imelegea.

"Usiku wote nimemfikiria yule mkaguzi darajani. Nimejaribu kumfungua mdomo, na kila nikimfungua anasema upuuzi."

"Anasema nini?"

"Anasema, 'Habari za asubuhi, nimekuja kuhesabu kengele.' Kama siku ile ya kwanza."

Una alivua miwani. Aliifuta kwa mkono wa sweta yake, akaivaa tena. Mimi niligeukia dirisha.

"Huo si upuuzi, binti," alisema mwishowe.

"Sijaamua, ujue! Bado naupenda ule wa kimya. Nitagombana nawe."

"Karibu sana. Wattie atachemsha chai."

"Nani huyo?"

"Mzee aliyetaka kukukataa."

"Mwambie sisahau," alisema Inga Isbister. "Haya. Nawaandikia London sasa hivi. Wewe nitumie hiyo karatasi ya kusaini."

Karatasi ilikwenda kwa barua pepe, na ikarudi kwa barua pepe baada ya dakika nne. Mkataba wa maisha ya mtu, dakika nne. Zamani tungeufunga kwa uzi.

Alikuja mwenyewe Januari, kwa meli, basi na treni, mwanamke mrefu mwenye mikono mikubwa na kikapu cha jibini la kwao. Hakutuambia habari za safari. Aliutandaza mswada mezani, wote, karatasi, umejaa wino wake mwenyewe pembeni, na saa tatu asubuhi wakaanza kugombana juu ya sura ya kwanza, ambayo Una alitaka ikatwe nusu. "Hiyo nusu ndiyo bora!" "Ni bora, na haihusu!" "Basi kata hii!" "Hii? Ukiigusa hii nakurudisha Stromness!" Sijasikia watu wakigombania ukurasa namna ile tangu kiwanda kifungwe. Niliweka birika. Walipofika sura ya tatu, Inga alikuwa ameshavua viatu na kuchukua kiti changu, na mwisho wa kitabu ulikuwa bado haujafikiwa.