Vigelegele Kwenye Shimo la Muhanga

Mbwa wangu akilowa mvua hapa Masuguru, ile harufu yake kali hunirudisha Handeni, kwenye nyika tulikochungia, nimelala kifudifudi kando ya mama.

Kila kiangazi tulilifuatilia kundi moja la mbwa mwitu. Mama aliwatambua kwa mabaka yao, kama alivyowatambua ng'ombe wetu, na aliyempenda zaidi ni jike mmoja mwenye sikio lililochanika. Mwaka mmoja, tangu masika, kundi lilikuwa halijaonekana. Wachungaji wenzetu walisema limekwisha, tena afadhali.

"Limekwisha? Nani kawazika?" mama alifoka, akanivuta nyuma ya kichaka. "Lala hapo. Hata kukohoa usikohoe."

Vumbi lilinijaa puani. Kisha upepo ukatuletea ile harufu, na jike akachomoza kwenye shimo la zamani lililochimbwa na muhanga, yule mnyama mla mchwa, sikio limechanika vilevile. Nyuma yake wakamwagika watoto weusi, masikio makubwa kuliko vichwa, wakikanyagana.

Nikabana pumzi. Mama, aliyenikataza hata kukohoa, akasimama wima akapiga vigelegele, kama vile aliyejifungua ni mdogo wake.