Kitufe Kirefu cha Kuruka

Fundi makochi alikuwa mjane, na siku hiyo alikuwa anahama. Binti yake, nesi, alikuja kumchukua akakae kwake. Vya kubeba viliwekwa mlangoni, vya kugawa chini ya dirisha. Kompyuta ya zamani ikaenda dirishani. Fundi redio wa mtaa wa pili angeipitia, alitaka vipuri.

"Baba, hii hujawahi kuiwasha peke yako."

"Kweli."

"Basi iende."

Mzee alikaa akaitazama.

Mkewe alikuwa mpiga chapa. Ofisi ilipobadilisha mashine, kompyuta hii akapewa yeye. Ilichomekwa kwenye televisheni, na mchezo waliocheza ulikuwa ndani ya kaseti. Kaseti ikisomwa ilipiga kelele kama msumeno juu ya bati, nao wakinywa chai wakiingoja. Kisha hutokea kijitu chenye kofia, kinakimbia kuelekea kulia, njia ikikijia na mashimo yake na mapipa yanayobingirika. Mke akakiita Mjomba. Alisema mjomba wake naye alitoweka mbio hivyo hivyo kila palipotajwa kazi.

Mumewe hakusoma. Vitufe vyenye herufi vilimtisha. Mkewe akampa kimoja tu, kile kirefu cha chini kisichoandikwa kitu.

"Mimi miguu, wewe magoti," alimwambia. Yeye aliendesha, mume akarusha. Akibonyeza kwa nguvu aliambiwa, "Taratibu, hapo hupigilii kochi." Miaka ikaenda hivyo. Mjomba mmoja, watu wawili.

"Iwashe kwanza," mzee alisema.

"Fundi redio yuko njiani, Baba."

"Iwashe."

Binti akachomeka waya, akatia kaseti. Kelele ikapiga ikaisha. Akakaa mahali pa mama yake, kwa kuwa vitufe alivijua tangu utotoni. Mjomba akatoka mbio, akatumbukia shimo la kwanza. Wakaanza upya. Akatumbukia lile lile.

"Baba, umesinzia?"

"Nakungoja wewe."

"Unangoja nini kwangu? Shimo si hilo, mbele ya macho yako?"

Mara ya tatu, shimoni tena. Mzee akaondoa mkono kwenye kitufe. Ndipo alipoelewa. Mkewe alikuwa akivuta pumzi kila shimo linapokaribia, naye alibonyeza kwa pumzi ile. Binti alipumua kama watu wengine.

"Sikuwa natazama televisheni," mzee alisema.

"Miaka yote hiyo? Ulikuwa unatazama nini?"

"Mama yako."

Binti akapangusa kioo kwa kiganja ingawa hakikuwa na vumbi.

"Sogea," mzee akasema. "Nipe miguu. Wewe shika magoti."

"Utajuaje vitufe?"

Akatoa vipande viwili mfukoni, vya kazini, akavigandisha kwa gundi: ngozi kwenye kitufe cha kwenda, kitambaa kwenye cha kurudi. Vidole vyake vilijua ngozi na kitambaa bila kuuliza mtu. Macho sasa hayakuwa na pa kwenda ila mbele.

Mjomba akaanza kutambaa.

"Mbona anatembea kama katolewa jino?"

"Ruka, acha maneno."

Wakavuka shimo la kwanza. Pipa la kwanza wakalipita. Kwenye la pili mzee alirudi nyuma kidogo, akaliacha lipungue mwendo, kisha akaenda. Binti akamwangalia, akaangalia tena kioo.

Mlango ukabishwa. "Hodi. Nimefuata ile mashine."

Binti akataka kusimama.

"Ukiinuka, nani atarusha?"

Binti akakaa. "Samahani, fundi," akapaza sauti bila kugeuza shingo. "Hiyo haitoki tena. Inakwenda nasi."

Mzee alikuwa anatazama shimo jipya, pana kuliko yote, likija.