Nilibatizwa Nikiwa Nimelala Chini

Jumapili moja, nikiwa likizo kwetu Rungwa, nilikuwa natengeneza mzinga wa nyuki uani huku mke wangu Debora akijifunga kitenge cha kwaya. Mimi mafundisho ya ubatizo nilishayaanza na kuyaacha mara nyingi. Msimu wa asali ukifika, huyoo porini.

"Baba Neema, asali utalamba mpaka lini, na roho inashinda njaa?"

Nikacheka, lakini alinichoma. Afya ninayo, kazi ya jeshi ninayo, na bado ndani palikuwa patupu.

Baada ya likizo tukapelekwa mashariki mwa Kongo kulinda amani. Amani yenyewe, jamani, hatukuikuta. Karibu na kituo chetu palikuwa na kanisa la mbao lililojaa wakimbizi, na mwinjilisti wao, Musafiri, mwembamba, mcheshi, anaimba kuliko anavyokula. Nikipata nafasi nakwenda kumsikiliza. Siku moja nikamwambia ukweli: namtaka Mungu, ila naogopa nitakufa kabla sijampata.

"Unamtafuta wewe? Yeye ndiye amekufuata mpaka huku kwetu," akasema.

Akanifundisha upya. Mchungaji wao akija, alisema, atanibatiza.

Barabara ikafungwa. Mchungaji hakuja.

Alasiri moja tulikuwa uwanjani mbele ya kanisa. Risasi zikaanza kutoka kilimani.

Nikasimama wima.

Mafunzo yote ya jeshi yalinitoka. Kwetu nyuki wakichafuka hupungi mikono wala hutimui mbio. Unatulia tuli mpaka wakusahau. Nami nikatulia, mjinga mimi, katikati ya uwanja.

Musafiri akanirukia. Tukaangukia mtaroni.

"Ndugu yangu, hao si nyuki!"

Tukacheka. Nikamshika shati.

"Nibatize sasa hivi."

Hakubisha. Penye hatari ya kifo, alisema, Mkristo yeyote anaruhusiwa. Akafungua chupa yangu ya maji, akanimwagia kichwani nikiwa nimelala kwenye tope, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Risasi zinapita juu yetu. Wallahi sijawahi kufurahi vile! Nilitaka kuimba, akaniziba mdomo.

Kesho yake kombora liliangukia kanisa.

Wakimbizi walikuwa wameshatoka. Musafiri alikuwa amerudi ndani kumchukua bibi mmoja asiyeona. Tuliwazika wote wawili.

Mimi nilirudi nyumbani mzima. Mchungaji wetu aliutambua ubatizo ule mbele ya usharika, Debora akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka, na kwa mara ya kwanza nikashiriki Meza ya Bwana. Mkate niliula huku nacheka na kulia kwa pamoja. Furaha hiyo ninayo mpaka leo, hata shambani inanijia nikacheka peke yangu.

Kaburi la Musafiri sijui kama bado lina alama. Ninachojua, hapa Rungwa yupo mtu mmoja aliyeshiba, na aliyemlisha hayupo.